Maili Tano Kabla ya Kasindi

Kosa la Ocen lilikuwa uso wake. Hakuwa mwizi, hakuwa mwanasiasa, hakumchukulia mtu mke. Alikuwa karani wa posta, miaka minane ya kupanga barua na kupiga mihuri, tena mwoga, mtu wa kumpisha hata mbuzi njiani. Lakini uso ule Mungu aliutoa mara mbili kwa siku moja. Aliyetangulia kutoka tumboni akaitwa Opiyo, aliyefuata akaitwa Ocen, kama Waacholi wanavyowaita mapacha tangu zamani. Ocen akaingia posta. Opiyo akaingia jeshini, akawa sajini katika kambi ya Mbuya.

Februari ile ya mwaka sabini na saba jeshi lilianza kujila lenyewe. Asubuhi majina yalisomwa gwarideni, majina ya Kiacholi na Kilango, na aliyeitwa alipanda lori. Opiyo aliitwa Alhamisi. Hakurudi yeye, haikurudi maiti, haikurudi hata kofia.

Haya, sasa niambie: mtu ameshauawa na wenzake, halafu uso wake unaonekana sokoni Nakasero unachagua nyanya! Ndivyo ilivyokuwa. Askari mmoja alimwona Ocen mbele ya meza ya nyanya, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, mdomo wazi. Ocen hakungoja bwana huyo aufunge. Aliacha nyanya, akaacha na kikapu, akateremka mbio mpaka Nakivubo kwa rafiki yake Kakule.

Kakule alikuwa fundi baiskeli, Mkongo, Mnande wa upande wa Beni. Mfupi, kifua kipana, vidole vyeusi kwa grisi, na ulimi wa kunyoa bila maji. Ukimletea baiskeli iliyopinda rimu alikuuliza kwanza, "Umegonga ng'ombe au mkwe?" Alifika Kampala mwaka sitini na nne akikimbia vita vya kwao, peke yake, akipiga pedali kutoka mpakani, na baiskeli ile ile ndiyo aliyoanzia kazi. Urafiki wake na Ocen ulianza kwa tairi lililopasuka, ukakomaa kwenye mpira wa Jumamosi, ambako wote wawili walishabikia timu iliyofungwa kila mara. Watu waliofungwa pamoja miaka sita wanajuana, usifanye mchezo.

"Wameniona," Ocen alisema, amejikunyata nyuma ya rundo la matairi.

"Nani?"

"Wameniona, Kakule. Sasa wanajua yuko mwingine."

Kakule alitaka kumtania, kama kawaida yake. Alipomwona mwenzake anavuta matairi yamfunike, utani ulimkauka mdomoni.

Mama wa mapacha alikuja kesho yake. Aliitwa Lamunu, mjane wa polisi, amepanga chumba chini ya kilima cha Mbuya. Mama mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Mtaa mzima ulizoea kumwita Mama Mapacha. Tangu Alhamisi ile walimsalimu kwa kupunga mkono tu, maana hawakujua tena wamwiteje. Matanga hakuweka. Utawekaje matanga bila maiti, na jirani amekuonya, kwa wema wake kabisa, kwamba anayewalilia watu wale huchukuliwa naye? Basi yule mama akapika, akafua, akafagia, na kilio chake akakimeza.

"Kakule," alisema, "wewe unaijua njia ya magharibi."

"Naijua, mama."

"Mmoja wamekula. Huyu nakupa mkononi. Mvushe."

"Nitamvusha."

"Usinijibu upesi hivyo, mwanangu. Niangalie."

Kakule akamwangalia. Macho ya yule mama yalikuwa makavu, na ukavu wenyewe ndio uliomtisha. "Mama, nitamfikisha Kasindi, ng'ambo ya mto. Nitamwona kwa macho yangu amesimama kwenye ardhi ya Kongo. Ndipo nitageuka nije nikwambie."

"Basi nitangoja," Lamunu akasema, akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akaondoka bila kugeuka.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu mafuta ya gari mwaka ule yalikuwa hadithi, na basi, ukishapanda, nani atakushusha na wapi si shauri lako tena. Lakini fundi anayezunguka vijijini na mfuko wa spana, nani amwulize? Kila mahali pana tairi bovu. Kakule akamvisha Ocen ovaroli chafu, akampaka grisi mpaka masikioni, akamfunga kitambaa kipana kuzunguka taya mpaka utosini, kama mtu anayeteswa na jino. Katika uso ule yakabaki macho na pua. "Hiki hukivui," akamwambia, "mpaka tuwe ng'ambo. Ukila, kula nacho. Ukilala, lala nacho. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

"Na kuanzia leo wewe ni kibarua wangu, tena mjinga."

"Hilo la ujinga halihitaji mazoezi," Ocen akasema, na Kakule akaona kwamba labda watafika.

Waliondoka Jumatatu, kumekucha, kila mtu na baiskeli yake. Ile nzuri, yenye mnyororo mpya, Kakule alimpa mwenzake. Siku ya kwanza walilala Mityana, kwa mjane mmoja aliyewaonea huruma kwa sababu ya lile jino. Ocen, mtu wa kukaa kitini, alikuwa ameota malengelenge mahali ambapo staha hainiruhusu kupataja, na asubuhi aliipanda baiskeli akipiga kelele kama jogoo. Kakule alicheka mpaka akakohoa. Basi, ukiwaona wakati ule, ungesema ni watu wawili wanaokwenda harusini.

Kizuizi kikubwa cha kwanza kilikuwa kabla ya Mubende. Askari wanne, gogo limelazwa barabarani, na kando, majanini, baiskeli moja tairi la nyuma halina upepo. Kakule aliiona ile baiskeli kabla hajaziona bunduki. "Afande!" akaita kutoka mbali. "Nani anaitesa hivi mashine ya watu?" Kabla hawajaulizwa majina alikuwa ameshaigeuza magurudumu juu, ametoa mpira wa ndani, ameomba karai la maji la kutafutia tundu. "Wewe, leta kiraka!" Ocen akapaka gundi upande usio wake, kiraka kikamganda kidoleni. Kakule akamchapa kofi la kisogo, pa! "Mwaka mzima namfundisha huyu, afande, na jino humwuma siku za kazi tu!" Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hakuna aliyejali kumtazama kibarua mjinga usoni. Gogo likainuliwa.

Walipopita kona ya tatu Ocen alisimama. "Umenipiga."

"Nimekupiga."

"Kwa nguvu, Kakule."

"Ningepiga polepole wangejua nakupenda."

Ocen akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na kicheko kikamgeukia kilio papo hapo, akapangusa macho kwa ncha ya kile kitambaa. Kakule akajifanya anakaza nati.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili Kakule hakulitarajia: Ocen alifurahia safari. Miaka minane alikuwa amezipigia mihuri barua za nchi nzima bila kuiona nchi yenyewe. Walipoingia Mubende alishuka baiskelini akapiga makofi. "Kumbe Mubende ndiyo hii! Sanduku la Posta kumi na saba, padri anayeandikiwa na dada yake kila Ijumaa. Sanduku la ishirini, duka la Mhindi. Alifukuzwa sabini na mbili, barua zake tukazirudisha. Maskini, lilikuwa duka lile pale, limeota majani mlangoni." Ilikuwa hivyo kila mji. Kila kituo alikijua kwa barua zake: nani huandikiwa na mkwe, nani hupata kadi ya Krismasi mwezi wa tatu.

Siku ya nne walikaribia Fort Portal, mashamba ya chai kulia na kushoto, na ukungu ulipofunguka milima ikatokea, myeusi, na weupe kileleni. Ocen alikaa kwenye ukingo wa barabara, hataki kuondoka.

"Twende, bwana," Kakule akasema. "Mlima hauhami."

"Mimi ndiye ninayehama. Nchi nzuri hivi, Kakule, na ndiyo naikimbia. Kosa langu ni nini?" Kisha akasema, bila kumtazama, "Opiyo aliniahidi atanileta huku akipata likizo. Sijamlilia, unajua? Mama alisema tukilia tutasikika. Siwezi hata kusema amekufa. Nikitaka kusema, koo linaziba."

Kakule alizoea maneno ya kukata, si ya kufunga jeraha. Akaketi naye, akamega ndizi ya kuchoma, wakala.

"Jambo moja," Ocen akasema. "Tukikamatwa, hunijui. Tumekutana njiani."

"Funga mdomo wako."

"Kakule, mama anahitaji mtu wa kurudi. Hunijui."

"Nimesema funga mdomo, utatuletea balaa."

Siku ya tano wakavuka tambarare ya Kasese, jua la kukaanga, wakasimama saa nzima kuwasubiri tembo watoke barabarani. Siku ya sita, Jumamosi, wakapanda vilima vya mwisho. Na hapo, saa nane ya mchana, Kakule alisimamisha baiskeli akanyoosha kidole. Bonde lilifunguka chini yao, na ndani ya bonde mstari wa miti ya kijani.

"Ule ni mto. Ng'ambo ni Kasindi. Maili tano, Ocen, tena mteremko mtupu. Breki tu."

Laiti wangeteremka! Mpaka leo yeyote anayeijua habari hii hufika hapa akasema laiti. Lakini kwenye kona ya kwanza walikuta msiba.

Watu kama sitini walikuwa wamebeba jeneza, wanaliingiza shambani karibu na barabara, kaburi likiwa limechimbwa kando ya migomba. Msiba haupitwi na mtu juu ya baiskeli. Hilo si la Wanande peke yao, kila mwenye adabu hushuka. Wakashuka, wakasimama kando, vichwa chini. Jeneza lilipita. Hapo wangeweza kupanda wakaenda zao, na hakuna ambaye angewasema.

Ila wale watu walikuwa wakiimba, na Kakule aliufahamu ule wimbo. Maana Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni watu wamoja, mpaka uliwekwa katikati yao na watu wasiowajua. Ulikuwa wimbo aliozikiwa baba yake. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameishi Kampala akisema Kiganda cha sokoni na Kiswahili cha kila mtu, na sasa lugha ya mama yake ilimwingia masikioni bila hodi. Miguu ikamfuata sikio.

"Wasibire," akamwamkia bibi mmoja wa nyuma, na bibi akamgeukia, akaitikia, akamshika mkono, akamwuliza yeye ni mwana wa nani. Kakule akataja baba, akataja babu, akataja kilima. Bibi akasema, "Lo! Kumbe ni mwanetu," akamvuta mkono kuelekea kaburini. Aliyekufa alikuwa nyanya wa watu, ameshiba miaka, na mgeni anayetupa udongo kwenye kaburi la namna hiyo hupewa baraka ya safari.

Ocen alimfuata, akisukuma baiskeli. "Kakule, twende," akanong'ona.

"Dakika mbili. Vua hicho kitambaa."

"Umesema mpaka ng'ambo."

"Kwetu maiti ndiye hufungwa taya. Mtu aliye hai akija kaburini amefungwa hivyo ni uchuro, watasema umemfuata marehemu. Kivue, bwana, usinitie aibu." Na akaongeza, kwa furaha, Mungu amsamehe, "Hapa ni kwetu, Ocen. Hawa ni watu wangu. Tumefika."

Ocen alimwamini. Miaka sita alikuwa akimwamini katika mambo ya njia na mambo ya magurudumu, aanze leo kumkatalia? Akafungua fundo utosini, akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Grisi ilikuwa imeshatoka kwa jasho la siku sita. Uso ukabaki wazi kabisa.

Wakatupa udongo. Kakule alitupa gao lake, akasema maneno yanayosemwa. Ocen akainama, akachukua gao, akalishika, asilitupe. Watu wakangoja. Udongo ukaanza kumponyoka vidoleni, na lile koo lililoziba siku zote zile likafunguka. "Opiyo!" akalia. "Opiyo, omera!" Ndugu yangu. Akapiga magoti kwenye ukingo wa kaburi la bibi asiyemjua, akamlilia ndugu yake kwa Kiacholi, kwa sauti yake yote. Wanawake wa pale, ambao msiba wao ulikuwa umepoa, wakashikwa na kilio upya. Walimwona mtu mwema sana.

Kakule alitaka kumwinua. Ndipo alipomwona kijana mmoja miongoni mwa wachimbaji, ng'ambo ya shimo, shati la raia, viatu vya jeshi. Alikuwa mjukuu wa marehemu, amepewa ruhusa ya siku tatu kumzika nyanya yake, na ruhusa hiyo alipewa Mbuya. Jembe lilikuwa limesimama mkononi mwake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mzimu; halafu, taratibu, ukawa wa mtu anayepiga hesabu.

"Huyu tulimmaliza," akasema kwa Kiswahili, kama anajiambia mwenyewe. Akalitupa jembe, akapita katikati ya migomba mbio kuelekea barabarani, ambako gari la jeshi lililomleta lilikuwa likimngoja kivulini.

"Panda!" Kakule akapiga kelele. Walipanda. Ule mteremko aliousifu waliuteremka bila breki, upepo masikioni, vumbi mdomoni, Ocen mbele kwenye baiskeli nzuri na Kakule nyuma yake akiomba kwa lugha zote anazozijua. Mto ulikuwa ukikua. Waliona mpaka mabati ya Kasindi. Maili moja, labda na nusu, ndiyo waliyopata, kisha gari likawapita, likakata njia mbele yao.

Askari waliwalaza chini kifudifudi. Waliwapiga kwanza, kisha wakauliza. Mjukuu wa marehemu alimshika Ocen taya, akaugeuza uso wake huku na huku. "Mbili," akasema. "Kumbe walikuwa wawili." Kisha akamgeukia Kakule, buti shingoni. "Na wewe Mkongo, huyu unamjua?"

"Simjui," Kakule akasema. "Tumekutana njiani."

Ndilo neno alilofundishwa. Ocen mwenyewe alimwagiza, tena mara mbili. Kosa si neno. Lilimtoka upesi mno. Halikupita moyoni, lilitoka moja kwa moja kwenye hofu, na Ocen, shavu lake kwenye vumbi, macho yakiwa usawa wa macho yake, alilisikia likitoka. Hakuonyesha kumlaumu. Alifumba macho tu.

"Kimbia," askari akamwambia Kakule. "Usigeuke."

Hakugeuka. Alikuwa amefika kwenye kichaka cha kwanza aliposikia milio miwili.

Mto ulikuwa pale, maili tatu na ushee, mwendo wa saa moja kwa miguu. Angevuka. Angefika Beni Jumatatu, akaoa, akazeeka, na Lamunu asimwone tena maishani. Kakule alikaa kwenye kile kichaka mpaka jua likainama, kisha akaupa mto kisogo, akaanza kupanda kilima. Aliahidi kurudi kusema, basi alirudi kusema. Alifika Kampala baada ya siku nne, juu ya lori la chumvi, bila baiskeli, miguu imevimba.

Lamunu alikuwa amemtangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya duka Nakivubo, mikono magotini, na alipomwona akasimama. Njia nzima Kakule alikuwa amepanga maneno. Aliyajua yote. Mama alimshika mabega, akamwangalia kama alivyomwangalia siku ile, na Kakule akaona kwamba macho yale hayawezi kubeba tena.

"Amevuka, mama," akasema.

Lamunu alikaa chini ghafla, akacheka. Meno yake Kakule alikuwa hajawahi kuyaona.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Kakule ilikwenda miaka miwili. Uongo ukishapewa chakula hudai na nguo. Kila mwisho wa mwezi Lamunu alikuja kuuliza habari, na Kakule alikuwa na habari: msafiri kapita, dereva kasema. Ocen kapata kazi ya kuandika barua za watu sokoni Beni. Ocen kanenepa. Mwaka wa pili, mama alipolalamika kwamba mwanawe atazeeka bila mke, Kakule akamwoza. Mke anaitwa Emérence, binti wa mwalimu, mpole. Baadaye, Mungu wangu, akampa na mtoto wa kike. Lamunu akanunua uzi wa manjano kwa shida, maana madukani hamkuwa na kitu, akaanza kufuma sweta. Kila alipokuja sweta lilikuwa limeongezeka mkono. Akiondoka, Kakule aliacha kazi, akakaa, akashika kichwa. Kulia hakuweza. Atamliliaje mtu aliye Beni na mke na mtoto?

Kisha ikaja Aprili ya sabini na tisa. Mizinga ikalia kwa siku kadhaa, ikanyamaza, na yule mkubwa wa nchi na jeshi lake wakawa wamekimbia. Kampala ilitoka nje. Watu waliimba mpaka sauti zikawakauka. Wiki zilizofuata waliokimbia wakaanza kurudi, wengine kwa malori, wengine kwa miguu, na kila siku mtaa fulani ulisikia vigelegele kwa sababu mtu waliyedhani amekufa ameingia na mfuko begani.

Lamunu alikuja asubuhi na kanga mpya. "Wa Kongo watapita kwako kwanza," akamwambia Kakule. "Nitakaa hapa, sitakusumbua kazi." Akaketi kwenye benchi la wateja, sweta la manjano mapajani, limekunjwa. Akakaa siku ya kwanza. Akakaa ya pili. Kakule alikuwa akikaza njiti za gurudumu lile lile tangu asubuhi, akizilegeza, akizikaza tena. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, mtu mrefu mwembamba alitokea upande wa uwanja, anasukuma baiskeli, na mkononi amemshika mtoto. Lamunu akainuka. Akapiga kigelegele, akakimbia, yule mama mzima, sweta mkononi, mpaka akamfikia yule mtu, akamtazama usoni, na yule mtu akampisha kwa heshima akaendelea na njia yake.

Alirudi akicheka aibu yake. "Macho yamezeeka," akasema. "Atakuja kesho. Kesho kutwa. Siyo, Kakule?"

Kakule aliweka spana chini. Akatoka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi la Nakivubo mbele za watu.

"Mama, hakuvuka."

Lamunu hakuelewa. "Nani?"

"Ocen. Hakuvuka, mama. Walimpiga risasi siku ya sita, tunauona mto. Nilimwambia avue kitambaa. Ni mimi niliyemwambia."

Lamunu aliangalia lile sweta. "Na Emérence?"

"Hakuna Emérence, mama."

"Mtoto?"

"Hakuna mtoto."

Akalikunja upya, akalilaza kwenye benchi, akalinyoosha kwa kiganja. Upande wa pili wa barabara kundi lilikuwa likipita na ngoma.

"Miaka miwili," akasema, "nimekula nikashiba. Nimecheka na majirani. Nimegombana na mwuza uzi." Kisha akauliza, polepole, "Siku hiyo walipomwua, nani alimlilia?"

Hapa angeweza kusema neno la kumfariji mzazi. Maneno alikuwa nayo, amezoea kuyatengeneza. "Hakuna, mama," Kakule akasema. "Waliniuliza kama namjua, nikasema simjui. Niliogopa. Wakaniambia nikimbie, nikakimbia. Hajaliliwa na mtu mpaka leo."

Alitamani ampige. Aliinama ili apigwe. Lamunu aliiangalia ile shingo iliyoinama, akaweka mkono juu yake, mkono mzito, akauacha pale.

"Basi funga duka," akasema.

Kakule akaingiza baiskeli za watu ndani moja moja, akafunga. Wakaketi chini sakafuni, na Lamunu akawalilia wanawe wawili kwa sauti yake yote, mchana kweupe, na Kakule akalia pamoja naye.